Dorika wa Kinyangiri: Mpishi Aliyeifungua Kambi ya Ndui

Jua ndiyo kwanza linachomoza nyuma ya vilima vya Kinyangiri, na gulio limekwisha changamka. Uwele unamwagwa mikekani, asali inamiminwa kutoka vibuyuni, mbuzi wanalia kwenye kamba zao. Mahali ambapo kila anayeingia gulioni hana budi kupita, mwanamke mrefu ameketi kigodani. Uso wake umejaa makovu ya ndui. Mkononi ana sindano.

"Mkono wa kushoto, mama. Usiitazame sindano, nitazame mimi," anasema.

Mama anayechanjwa anamtazama, anatabasamu, na kazi imekwisha. Anayefuata anasogea na mtoto mgongoni.

Mzee Alute, mwenye ng'ombe wengi na maneno mengi, anapita kando akijifanya hakuuona mstari wa watu.

"Shikamoo, baba," mwanamke yule anamwita.

"Marahaba, mwanangu. Nina haraka, nawahi kumwona ndama wangu mnadani."

"Ndama yuko kwenye kamba, baba, hataondoka."

"Mimi ni mzee. Ndui inanitakia nini?"

"Mimi ilinitaka nikiwa mtoto. Njoo uuone uso wangu kwa karibu, kisha useme mwenyewe kama unakwenda au unabaki."

Watu wanacheka. Mzee Alute anasimama, anakuna kidevu, halafu anaishusha shuka begani na kunyoosha mkono. Anapochanjwa anafumba macho kama mtoto. Wanawake wanampigia vigelegele, naye anaondoka akijikausha, lakini kifua mbele.

Mchanjaji huyo ni Dorika binti Mughwai, ambaye watu wa hapa humwita Mama Kambi. Ukiwaona leo wanavyomzunguka, hutaamini kwamba miaka miwili iliyopita wengi wao walikuwa wakimwona kwa mbali wanaacha njia na kupita porini.

Dorika alizaliwa katika vilima vya upande wa Iramba, katika nyumba ya wakulima. Ndui ilimshika akiwa msichana mdogo. Mama yake alimuuguza mpaka naye akalala, na hakuamka tena. Dorika alipona, akabaki na uso ambao wenzake waliuita jina la kuchekesha ambalo hapendi kulitaja.

Aliolewa kwa kuchelewa, na Yohana, mtu mpole aliyekwenda kukata mkonge pwani na kufia huko. Tangu hapo Dorika aliishi kwa kupika. Aliwauzia uji na viazi madereva wa malori na watu wa gulio. Siku njema alipata chakula cha kesho. Siku mbaya alikula kilichobaki chunguni.

Kisha vita kuu ya dunia ikaisha, askari wakaanza kurudi makwao, na ndui ikarudi pamoja na wasafiri. Ilionekana kwanza upande wa reli, Manyoni, ikapanda na barabara mpaka Singida, na kabla ya mavuno ikawa imefika Kinyangiri.

Amri iliyokuwapo wakati ule ilikuwa fupi. Mgonjwa akionekana, matarishi wamchukue. Apelekwe kambini, ng'ambo ya korongo, ndani ya ua wa miiba. Ndugu yeyote asikaribie. Chanjo itolewe kwenye baraza la jumbe, watu wakiitwa.

"Haikuwa amri ya watu wabaya," anasema Kefa, dresa, yaani mganga msaidizi, aliyewekwa kuisimamia kambi hiyo. Ni kijana mwembamba mwenye sauti ya chini. "Walitaka kuutenga ugonjwa. Nami niliifuata neno kwa neno, kwa sababu niliogopa kwamba nikikosea wote tutakwisha."

Lakini mambo hayakwenda kama amri ilivyotaka. Wagonjwa waliletwa kwa nguvu, wachache, wakiwa tayari hoi. Katika kila kumi walioingia, wanne hawakutoka. Vijijini watu wakasema kambi ndiyo inayoua. Mtu akishikwa na homa na maumivu ya mgongo, alifichwa. Baraza la chanjo lilipoitwa, walikuja wazee wachache na mbwa.

Mpishi wa kwanza wa kambi alitoroka. Wa pili hakufika. Kefa akaenda kwa Dorika.

"Aliniambia, 'Mama, wewe ndui haikushiki tena. Njoo unisaidie,'" anakumbuka Dorika. "Nikamwuliza, wagonjwa wanakula nini? Akasema wanapewa unga. Nikamwuliza, nani anaupika? Akasema, hakuna."

Siku aliyoingia kambini, katika kibanda cha kwanza alimkuta mwanamke anaitwa Rahabu. Macho yake yalikuwa yamefungwa na vidonda, midomo imepasuka. Karibu na kichwa chake palikuwa na mfuko wa unga, na panya walikwisha utoboa.

"Alisikia nyayo zangu akasema, 'Kama wewe ni mtu, nipe maji.' Nilijua sauti ile. Mama yangu aliniomba maji kwa sauti kama ile, na mimi nilikuwa mdogo, sikuweza kunyanyua mtungi. Safari hii niliweza."

Akawasha moto. Akapika uji mwepesi, akauacha upoe, akawanywesha mmoja mmoja kwa kata. Waliopata nguvu aliwapikia ugali laini na mlenda, kwa kuwa mlenda unateleza hata katika koo lenye vidonda. Akaosha nguo, akaosha macho ya watu kwa maji ya chumvi kama Kefa alivyomwonyesha. Vifo vikaanza kupungua, ingawa nje ya ua hakuna aliyeamini.

Siku moja mdogo wake, Isaka, alikuja akasimama mbali, ng'ambo ya korongo, akamwita kwa Kinyiramba ili tarishi wa zamu asielewe. Alitaka dawa. Dorika akamwuliza dawa ya nani. Isaka akaangalia chini.

"Raheli," akasema. Ni mkewe.

"Ametoka vipele?"

"Usoni na mikononi. Nimemweka chumba cha ndani. Hakuna anayejua."

"Na watoto wa jirani wanaocheza uani kwako?"

Wawili kati yao walikuwa wamekwisha kushikwa na homa.

"Mlete," Dorika akamwambia.

"Nimlete afie porini, dada? Nikabidhiwe blanketi lake na tarishi?"

"Hatafia porini. Nitampikia mimi. Nawe utamwona kila siku, kwa macho yako."

Dorika anasema mpaka leo hajui alipata wapi ujasiri wa kutoa ahadi ile, kwani mlango haukuwa wake. Alikwenda moja kwa moja kwa Kefa.

"Nilimwambia, mwanangu, nimetoa kitu ambacho ni chako. Wewe una mama. Angekuwa ndiye amelala humu, ungetaka kumwona au hungetaka?"

Kefa alizunguka kambi nzima akiwaza, kisha akarudi na panga. Akalikata tawi la miiba lililoziba mlango.

Isaka alimleta mkewe kwa machela. Kesho yake alirudi, akamkuta Raheli amenywa uji na anamwita jina. Habari ile haikuhitaji tarishi. Kabla juma halijakwisha, watu waliokuwa wakificha wagonjwa walianza kuwaleta wenyewe, wengine kwa punda, wengine mgongoni. Walileta na kuku, na maziwa, na kuni. Kambi iliyokuwa kimya ikawa na sauti za watu.

Hapo ndipo pigo lilipokuja.

Simeoni, mume wa Rahabu, alikuwa mmoja wa walioingia kila siku. Alimlisha mkewe kwa mkono, akamfunga kitambaa, akamwimbia. Rahabu alipoanza kukaa mwenyewe, Simeoni naye akashikwa na ndui. Wakafuata wageni wengine kadhaa. Simeoni hakupona.

"Nilimfungulia mlango kwa mkono wangu," anasema Dorika. "Nilikwenda kumwambia Rahabu mwenyewe. Nilidhani atanitemea mate. Alilia sana. Kisha akaniuliza, 'Mlango utafungwa tena?' Nikasema sijui. Akasema, 'Usifungwe. Ningekufa mimi peke yangu bila yeye, ningekufa mara mbili. Ila mtu asiingie tena kama mume wangu alivyoingia.'"

Daktari wa serikali, Mwingereza aliyekaa Singida, alifika na gari lake siku chache baadaye. Alikuwa amesikia. Alisimama mlangoni akiwa amevimba kwa hasira.

"Nani aliruhusu watu hawa waingie?"

"Mimi, Bwana," akasema Dorika.

"Hapana, Bwana," akasema Kefa. "Mlango ni wangu. Mimi ndiye niliyeukata."

Daktari akaingia. Aliingia kila kibanda. Aliwakuta watu wameoshwa, wamelala juu ya majani makavu safi, wengine wameketi nje wakila. Alipotoka, hasira ilikuwa imepungua, amebaki na maswali. Alimwuliza Kefa wangapi wamekufa tangu mlango ufunguliwe. Walikuwa wachache mno kuliko zamani. Akauliza habari za wageni walioshikwa.

"Walikuwa na kovu la chanjo?"

"Hapana, Bwana. Hata mmoja."

"Na wageni wenye kovu?"

Kefa akafikiri, akamtazama Dorika. Wakawahesabu kwa majina, mmoja mmoja. Bibi wa Issuna aliyemuuguza mjukuu wake. Fundi wa viatu. Isaka mwenyewe, ambaye alichanjwa alipokuwa jeshini.

"Hakuna aliyeugua," akasema Kefa.

Daktari akaketi juu ya jiwe la kusagia, bila kujali suruali yake nyeupe. Rahabu, ambaye alikuwa akisikiliza mlangoni mwa kibanda chake, akarudia maneno yale yale aliyomwambia Dorika. Kefa akamfasiria daktari kwa Kiingereza, maana Kiswahili chake kilikuwa cha kazi tu.

"Ukiufunga, Bwana," Dorika akaongeza, "watawarudisha chumba cha ndani."

"Sitaufunga," akasema daktari. "Tutaweka chanjo mlangoni."

Wakakaa pale wote wanne mpaka jua likaegemea, wakitengeneza sheria mpya. Mwenye kovu la chanjo, au mwenye makovu ya ndui yenyewe, aingie amwone mtu wake. Asiye nalo achanjwe hapo hapo, akae nje ya ua na kuzungumza na mgonjwa kwa mbali mpaka chanjo ishike. Nyumba alikotoka mgonjwa, na majirani wake wote, wafuatwe huko huko wachanjwe, wasiitwe barazani. Aliyepona akitaka kazi ya kuuguza, apewe, na alipwe kama mtumishi mwingine.

Daktari aliwaonya kwamba ruhusa hiyo ni ya Kinyangiri peke yake, na ni ya kujaribu. Wakubwa wake walikuwa hawajui lolote. Kama ndui itazidi, atajibu yeye.

Ndui haikuzidi.

Watu waliokataa kuja barazani sasa walipanga mstari mlangoni mwa kambi wenyewe, maana kila mmoja alikuwa na mtu wake ndani. Mama mmoja alimleta mkwewe, mkwewe akaleta ndugu zake. Rahabu alikuwa wa kwanza kuajiriwa baada ya kupona, na Raheli akamfuata. Walikwenda vijijini na Kefa, nyuso zao zikiwa na makovu mapya. Walipofika, milango ilifunguliwa.

"Mimi nikibisha peke yangu, watu walitokea mlango wa nyuma," anasema Kefa akicheka. "Raheli akibisha, tunakaribishwa maziwa."

Walijifunza na mengine. Mara moja chanjo za kijiji kizima hazikushika hata moja. Daktari alieleza kwamba dawa ile huharibika kwa joto, nayo ilikuwa imekaa juani katika lori kutoka Manyoni. Raheli akasema maji ya mtungi wenye kitambaa kibichi hukaa baridi mchana kutwa. Wakajaribu. Tangu hapo dawa ilisafirishwa ndani ya mtungi mdogo uliofungwa nguo yenye maji, na daktari akaandika shauri hilo likafuatwa njia yote mpaka stesheni.

Kisha akaja mkubwa mmoja kutoka makao makuu ya jimbo. Alikuwa amesoma taarifa za daktari na hakuzipenda. Alikuja kuona kama kweli watu wanaingia na kutoka katika kambi ya ndui kama kanisani.

Alipofika mlangoni, Dorika alisimama mbele yake.

"Karibu, Bwana. Kovu lako."

Daktari, aliyekuwa nyuma, akageuza uso pembeni. Mkubwa yule akamwuliza mkalimani mwanamke huyu anataka nini. Akaelezwa. Akatazama mstari wa watu waliokuwa wakingoja kwa utulivu, kila mmoja amekunja mkono wa nguo. Taratibu akavua koti, akakunja shati, akaonyesha kovu lake.

"Zuri," akasema Dorika. "Pita, baba."

Ndani, mgeni alimkuta Isaka ameleta mtoto wa jirani, kamfunga blanketi. Hakuna tarishi aliyemlazimisha. Mkubwa akamwuliza kwa nini amemleta mwenyewe.

"Kwa sababu kesho nitakuja kumwona," akajibu Isaka, kama mtu aliyeulizwa kwa nini anakula.

Mgeni alikaa Kinyangiri kuliko alivyopanga. Aliuliza mengi, na mara nyingi aliuliza tena. Mwezi uliofuata, amri mpya ilifika katika kambi za ndui jimboni. Ile ya zamani ilikuwa fupi. Hii ilikuwa ndefu zaidi, na ndani yake mlikuwa na mpishi, na maji, na ndugu mlangoni, na chanjo nyumba kwa nyumba. Kambi ya Issuna ikaifuata, na ile ya Manyoni. Rahabu alipelekwa Issuna kuwaonyesha. Dorika akapelekwa Manyoni, akapanda lori kwa mara ya kwanza maishani, akiwa ameshikilia sufuria yake, maana hakuamini kwamba huko watakuwa na sufuria ya kutosha.

"Manyoni dresa wao alinikatalia," anasema. "Alisema Wagogo si kama sisi, hawatakubali. Nikamwambia tuwaulize. Tukawauliza. Wao wakasema jambo jingine: wanataka mifugo ya mgonjwa ichungwe, ndipo atakubali kuja. Hilo sisi hatukuwa tumeliwaza. Basi huko likaongezwa."

Mwishoni mwa mwaka, kambi ya Kinyangiri ilibaki na mgonjwa mmoja, binti anaitwa Dina. Magamba yake yalipodondoka yote, Kefa alimkagua toka utosini mpaka kwenye nyayo, akasema maneno mawili: "Nenda nyumbani."

Hakuenda peke yake. Watu walikuja kutoka kila upande wa korongo. Wazee wa msikiti walikuja, na wa kanisa. Dina aliogeshwa, akavikwa kaniki mpya, akatolewa mlangoni kwa nyimbo. Isaka na wenzake wakachoma vibanda na ua wote wa miiba. Moto ulipanda, wanawake wakapiga vigelegele mpaka sauti zikakauka. Daktari alikuwapo, amesimama kati ya watu, na Rahabu akamshika mkono akamwingiza katika ngoma. Alicheza vibaya sana, na watu wakampenda kwa hilo.

Dorika hakucheza mwanzoni. Alisimama peke yake karibu na kaburi la Simeoni mpaka Rahabu akamfuata. Walirudi wameshikana, wakaingia ngomani wote wawili.

Tangu siku ile hakuna mgonjwa wa ndui aliyeonekana katika sehemu hii. Kefa amechaguliwa kwenda kusomea udaktari msaidizi. Dorika alifundishwa kuchanja, akapewa sindano na magulio ya kuzungukia. Anatembea kwa miguu, mara nyingine siku mbili njiani, na mshahara wake si mkubwa. Hana malalamiko, isipokuwa moja.

"Tulichoma kambi, vizuri," anasema, akifuta sindano yake gulioni mstari ukiwa umekwisha. "Lakini ndui ina ndugu zake. Kuna homa ya uti wa mgongo, kuna kuhara damu. Yatakuja. Yakija yatukute wapi? Tena kwenye miiba?"

Anasimama na kuonyesha kwa mkono upande wa zahanati. Pale, ng'ambo ya uwanja, kuna tanuri la matofali linalotoa moshi. Watu wa Kinyangiri wanafyatua matofali ya nyumba ya wagonjwa, yenye jiko lake na banda la ndugu kulala. Daktari ameahidi mabati na saruji. Raheli anasimamia wanawake wanaochota maji. Isaka yuko ndani ya udongo mpaka magotini. Hata Mzee Alute ametoa fahali wawili wa kuvuta mawe, ingawa anasema amewaazima tu.

Dorika anataka jengo limalizike kabla ya mvua. Akiulizwa kwa nini ana haraka hivyo, na ugonjwa haupo, anashangaa.

"Ndiyo haraka yenyewe," anasema. "Mara ile tulijifunza huku watu wanakufa. Nataka mara hii tujifunze watu wakiwa wazima."

Anajifunga khanga kiunoni na kushika njia ya kwenda tanurini.